Figo za Tumbili wa Entebbe

Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza nilipomwona mpwa wangu akishuka kwenye bajaji na madumu mawili matupu. Aliteremka hadi dikoni Msasani, akapenya katikati ya wachuuzi waliokuwa wakisubiri mitumbwi ya usiku irudi. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza madumu ya nini.

"Nimefuata maji ya bahari, mjomba. Nitayakausha nipate chumvi."

Mvuvi mmoja aliyekuwa akikung'uta nyavu alimsikia. Akamwambia asiteke pale penye magamba na mafuta ya mashine. Asubiri amalize kazi yake, atampeleka kwa ngalawa hadi maji ya ndani, upande wa Bongoyo, akateke yaliyo safi. Basi tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukasubiri.

Binti huyu yuko mwaka wa mwisho wa ufamasia. Utafiti wake ni wa mzizi ambao mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa akituchemshia tukiumwa tumbo. Anataka kujua kama mzizi ule una sumu. Hatua ya kwanza ni uduvi wadogo wa maji ya chumvi kali, wale ambao wanasayansi huwaita Artemia. Mayai yao ni makavu kama vumbi. Unayatia katika maji ya chumvi, na kwa siku moja na nusu au mbili yanaanguliwa. Unahesabu watoto kumi kwa kila kichupa, unaongeza dawa kwa viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 unahesabu waliobaki hai. Njia hiyo si ngeni hapa mjini. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, akiwamo Profesa Mainen Moshi, wameitumia kupimia mitishamba mingi ya Tanzania, na chumvi yao waliipata kwa kukausha maji yaliyotekwa pwani hii hii ya Dar es Salaam.

Hatua ya pili ilikuwa panya weupe. Alitoa kwenye mkoba fomu ya kamati ya maadili ya utafiti ili nimsomee kama ameijaza vizuri. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa nafasi moja, ile inayouliza kama ipo njia ya kupata jibu bila kutumia mnyama.

"Hapo wenzangu waliotangulia wameandika *hakuna*," aliniambia. "Nami nataka kuandika hivyo, nipeleke leo."

Neno lile lilinichoma, maana nililitumia mwenyewe miaka mingi.

Nilikuwa fundisanifu katika maabara ya kiwanda kimoja cha dawa. Kazi yangu ilikuwa kupima dripu kabla hazijaenda hospitali, kuhakikisha hazina uchafu wa bakteria unaomletea mgonjwa homa. Kipimo chetu kilikuwa sungura. Unawafunga watatu kwenye vibanda vyao, shingo ikiwa imebanwa, unawatia kipimajoto nyuma, unawachoma dripu kwenye mshipa wa sikio, halafu unafuatilia joto lao kwa saa tatu. Likipanda kupita kiwango, dripu zote za mkupuo ule zinakataliwa.

Siku moja ya Februari umeme ulikatika, feni zikasimama. Mwenzangu akasema tuahirishe, kwa kuwa sungura walikuwa wakihema kabla hata hatujawachoma. Nikamjibu, "Endelea, ndivyo tunavyofanya siku zote." Joto lao lilipanda. Tukaandika kwamba dripu ni mbovu, zikamwagwa. Sampuli iliyobaki ilipopimwa tena wiki iliyofuata ilikuwa safi kabisa. Tulikuwa tumepima joto la chumba, na sungura walikuwa kipimajoto chetu. Wagonjwa waliokuwa wakizisubiri dripu zile walisubiri zaidi, na sababu ilikuwa mimi.

Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba nilikuwa nimesoma juu ya kipimo kinachotumia chembe za damu ya kaa wa baharini ndani ya kichupa, na baadaye nikasikia kuna kinachotumia chembe nyeupe za damu ya binadamu. Kila vilipotajwa, niliviuliza maswali mazito: vimethibitishwa na nani, vinakosea mara ngapi, vinafaa kwa dawa zote? Maswali mazuri. Ila sikuwahi kuwauliza sungura hata swali moja kati ya hayo. Kipimo kipya tulikisimamisha mlangoni tukakidai vyeti. Cha zamani kilipita bila kuulizwa kwa sababu tumekizoea. Kanuni za dawa za Ulaya zimekiondoa kipimo cha sungura kuanzia Julai 2025. Mimi nilikuwa nimeshastaafu.

Nilipomweleza hayo, mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hayo ni makosa ya siku moja ya joto. Kwa hiyo nikamsimulia ya Entebbe, ambayo hayakuwa ya siku moja.

Mambo yale yalianzia kwenye chanjo ya polio. Chanjo ya Jonas Salk ilipotangazwa mwaka 1955, dunia nzima iliitaka. Lakini kirusi cha polio hakioti kwenye mchuzi wa maabara kama bakteria. Kinataka seli zilizo hai. Seli zilizofaa zilikuwa za figo za kima. Mnyama aliuawa, figo zikakatwakatwa, zikalainishwa kwa kimeng'enya mpaka seli zikaachana, zikamwagwa kwenye chupa bapa za kioo. Zilipotanda juu ya kioo, ziliwekewa kirusi. Tatizo ni kwamba seli hizo hazidumu. Zinagawanyika mara chache kisha zinakufa, na chanjo inayofuata inadai kima wengine. India ilisafirisha kima kwa maelfu na maelfu.

Wengi hawakuzitilia shaka figo zile. Zimetoka kwa mnyama mzima, mwenye afya, aliyekuwa anaruka juzi. Mwaka 1960 Ben Sweet na Maurice Hilleman, wakiwa Marekani, waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na kirusi kingine kilichojificha, kikapewa jina la SV40. Katika seli za kima wa India kilikaa kimya bila dalili. Kilijianika pale tu kilipowekwa kwenye seli za figo za tumbili wa Afrika, ambazo zilivimba na kujaa matundu. Wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wameshachanjwa, na chanjo zenye uwezekano wa kuwa na kirusi hicho ziliendelea kutumika Marekani hadi mwaka 1963. Watafiti wamewafuatilia watu wale kwa miongo mingi, na ushahidi wa kwamba waliugua saratani kwa sababu yake haukutosha kuthibitisha hivyo. Hiyo ilikuwa heri. Haikuwa matokeo ya umakini wa mtu yeyote.

Ungetarajia wajiulize kama njia yenyewe ya figo mbichi ni salama. Walichofanya ni kubadilisha mnyama. Kwa kuwa tumbili wetu hakuwa na SV40, yeye ndiye aliyetafutwa. Mitego ikategwa Uganda, makreti yakapangwa Uwanja wa Ndege wa Entebbe.

Hapo mpwa wangu aliuliza, "Tumbili hawa hawa, mjomba? Hawa wanaoiba mahindi mashambani?" Ndiyo, jamii ile ile. Na makreti ya namna hiyo hayajawa mambo ya kale: Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania, na mwaka huo huo Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Tuendelee. Mwaka 1967 shehena za tumbili kutoka Uganda zilipitia London, zikagawanywa katika miji mitatu: Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia. Marburg palikuwa na kiwanda cha chanjo cha Behringwerke. Wafanyakazi wakafanya kazi yao kama kawaida, wakawapasua, wakatoa figo, wakaosha vyombo. Mwezi Agosti wakaanza kuumwa kichwa, wakapata homa kali, macho yakawa mekundu, wakatapika, wakahara, wakatokwa na vipele, na baadhi yao wakaanza kutokwa na damu. Walioanza kuugua walikuwa wamegusa damu, viungo au seli za tumbili. Kisha wakaugua waliowauguza. Belgrade aliugua daktari wa mifugo aliyempasua tumbili, kisha mkewe. Kwa jumla waliugua watu 31, wakafa saba. Kirusi chenyewe hakikuwa kimewahi kuonekana. Umbo lake ni kama uzi uliojikunja. Kikapewa jina la mji ulioyapokea makreti: Marburg.

Kwa sisi jina hilo si la Ujerumani tena. Machi 2023 lilitajwa Kagera, Wilaya ya Bukoba, kwa wagonjwa tisa, wakiwamo waliokuwa wakiwahudumia wengine, na sita kati ya hao tisa walifariki. Januari 2025 likarudi Biharamulo. Kati ya watu kumi waliohesabiwa kuwa na ugonjwa huo, hakupona hata mmoja.

Sasa lililonifanya nimkalishe binti huyu kwenye mtumbwi ni hili. Miaka mitano kabla ya makreti yale, tarehe 27 Machi 1962, katika Chuo Kikuu cha Chiba nchini Japani, Yasumura na Kawakita walichukua figo ya tumbili mmoja wa Afrika, wakaanza kuzilea seli zake. Seli hizo hazikufa. Zikaendelea kugawanyika, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Walizipa jina la Vero, kwa kufupisha maneno ya Kiesperanto yenye maana ya figo ya kijani. Na neno vero lenyewe, kwa lugha hiyo, ni ukweli. Seli za namna hii unazigandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, unazipima mara moja, mara kumi, mara mia, ukitafuta kirusi chochote kilichojificha. Ukiridhika, unatumia akiba hiyo hiyo. Huhitaji kreti nyingine.

Kwa nini basi mwaka 1967 watu wa Marburg walikuwa bado wanapasua tumbili? Kwa sababu tangu mwaka 1954 wakuu wa chanjo Marekani walikuwa wamekataa seli zisizokufa zisitengenezewe chanjo ya binadamu, na wengine duniani wakafuata. Waliogopa kwamba seli inayogawanyika bila kikomo inafanana na saratani, na huenda ikamwambukiza mtu tabia hiyo. Sitaki kuwakejeli. Woga ule ulikuwa na msingi, nami ningekuwa nao. Lakini woga huo huo haukuelekezwa kwa uzito ule ule kwenye figo mbichi, ambazo zilikuwa zimeshakamatwa na kirusi mwaka 1960. Figo mbichi ziliitwa za kawaida, na neno hilo likazikinga na maswali. Ilipofika mwaka 1986 ndipo wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipokubali rasmi kwamba seli zisizokufa zinaweza kutumika, mradi zipimwe na kusafishwa inavyopasa. Katika miaka hiyo ya themanini Institut Mérieux ya Ufaransa ilikuwa tayari imeanza kutengeneza chanjo ya polio kwa seli za Vero.

Leo mtoto wa hapa Msasani akiumwa na mbwa, chanjo nyingi za kichaa cha mbwa anazoweza kuchomwa zimeoteshwa kwenye seli hizo. Zamani chanjo ya ugonjwa huo ilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo, na baadhi ya waliochomwa walipata madhara ya mishipa ya fahamu. Chanjo ya Ebola waliyopewa watu zaidi ya 300,000 Beni, Butembo na maeneo ya jirani kuanzia mwaka 2018 nayo inatengenezwa kwa Vero. Zote zinarudi kwenye figo ya tumbili mmoja aliyekufa Chiba kabla mimi sijaanza shule.

Mzee mmoja aliyekuwa akitutegea sikio huku anashona nyavu aliingilia. Alisema haya ya figo yanamkumbusha baruti. Waliokuwa wakirusha baruti katika ghuba hii ya Msasani walisema ni njia ya haraka na kila mtu anaitumia. Samaki wanaoelea unawaokota, lakini wanaozama huwaoni, mayai huyaoni, na matumbawe yanayogeuka kifusi huyaoni mpaka siku unaposhusha ndoano hapo usipate kitu. "Tulihesabu kilichoelea tu," alisema. Sikuwa na la kuongeza. Mzee yule ameishi na bahari, ananishinda.

Lakini binti hakukubali kirahisi, na nilifurahi. "Mjomba, uduvi hana ini. Mzizi wa bibi unaweza kumwacha uduvi mzima ukamuua mtu kwa ini. Nikiandika kwamba ipo njia bila mnyama, nitakuwa nadanganya."

Ana haki. Uduvi ni chekeche la kwanza tu. Akifa kwa kiwango kidogo sana cha dawa, umeokoa panya wengi ambao ungewaua kwa kitu ambacho hakifai. Akipona, hujajua mengi. Hata hivyo panya naye ana ini la panya, na kima ana damu ya kima. Machi 2006, katika hospitali moja ya London, wanaume sita wenye afya walidungwa dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Kima walikuwa wamepewa kiwango kikubwa mara 500 kuliko walichopewa wanaume hao, bila shida. Ndani ya siku moja wanaume wote sita walikuwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Waliokolewa, lakini mmoja wao alipoteza vidole. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya chembe za kinga za kima hazina kile kipokeo ambacho dawa ile ilikishika kwa binadamu. Na ilionekana pia kwamba seli za damu ya binadamu kwenye sahani ya maabara zinalionyesha balaa lile waziwazi, ila kwa sharti moja: dawa ibandikwe kwenye sahani. Mwanzoni zilipimwa dawa ikiwa inaelea tu ndani ya maji, zikakaa kimya. Kwa hiyo sahani nayo inadanganya ukiiuliza vibaya, na haistahili kupita mlangoni bila maswali zaidi ya sungura wangu.

Tukaanza kupanga. Uduvi kwanza. Kisha atafute maabara yenye seli za ini la binadamu, ambazo nazo hugawanyika bila kuchoka kama Vero, amwombe mkuu wake ampimie mzizi huko. Sikumficha kwamba seli zina gharama zake. Zinataka kabati la joto lisilozimika, gesi ya kaboni dioksidi, na umeme ambao ukikatika usiku mmoja kazi ya miezi inaharibika. Hata chakula chake mara nyingi ni seramu ya damu ya ndama walio tumboni, kwa hiyo mnyama bado yumo. Akifika mahali ambapo panya hawaepukiki, basi wawe wachache, wasiwe na maumivu yanayozuilika, na kila mmoja awe na swali lake. William Russell na Rex Burch waliliandika hilo mwaka 1959: badilisha, punguza, boresha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Maneno yapo. Nafasi kwenye fomu ipo.

"Na wale tumbili wa Entebbe," aliniuliza, "wao walikuwa wanaubeba ugonjwa bila kuumwa, kama wale kima wa India?"

Hapana. Marburg inawaua tumbili pia. Makao ya kirusi kile ni popo wa mapangoni wanaokula matunda; watafiti walikipata kwa popo wa mgodi wa Kitaka, Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Tumbili nao waliambukizwa tu, kama watu wale wa Marburg. Baadhi yao walikuwa na kirusi hicho ndani ya makreti, na walipasuliwa wakiwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta kwao.

Mvuvi akatuita. Tukaingia kwenye ngalawa, tukapita mitumbwi iliyokuwa ikirudi, mpaka maji yakabadilika rangi na chini tukaona mchanga. Binti akajaza dumu la kwanza, akalifunga, akajaza la pili. Tuliporudi dikoni alikaa tena juu ya mtumbwi, akafuta mikono kwenye kanga, akaweka fomu juu ya goti. Katika ile nafasi aliandika kwa herufi ndogo ndogo, akaishiwa na mstari, akageuza karatasi, akaendelea kuandika nyuma yake.